Gari Lililonifikisha Ngarambe

Zuhura, binti wa kaka yangu Athumani, alikuwa anaolewa Ngarambe. "Shangazi, safari hii usiishie Kibiti," aliniambia kwenye simu. Msiba wa mama niliishia Kibiti. Nilitapika njia nzima, nikashindwa kuendelea, akazikwa bila mimi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi Mbagala. Siti iliyobaki ilikuwa ya nyuma kabisa. Basi refu, springi laini, kila kona linabembea. Mkuranga hatujafika nilishaomba mfuko.

Kibiti nilishuka, basi lile limenishinda. Nikajaribu gari dogo la kwenda Ikwiriri: madirisha hayafunguki, marashi makali yananing'inia kwenye kioo. Halijaondoka, nikashuka mbio.

"Mama, la kurudi Dar hilo hapo," konda alinionyesha kwa huruma.

Nilishainua begi. Kisha nikampigia kaka.

"Usipande kitu," alisema. "Nipo Ikwiriri nachukua mchele wa shughuli. Nakufuata."

Alikuja na pikapu kuukuu, milango inagonga, na moyo ukazidi kunichafuka kwa kuiona tu. Akanikalisha mbele, akashusha kioo.

"Tazama mbali, barabarani. Simu weka mkobani."

Tulivuka daraja la Rufiji, na tulipoacha lami nikashika mlango kwa mikono miwili. Pikapu iliturusha mpaka meno yakagongana, lakini haikubembea hata kidogo. Nilikisubiri kigegezi cha kutapika. Hakikuja. Upepo uliingia na harufu ya ufuta uliokatwa.

"Kaka, sijambo!"

"Naona. Toka darajani hujanyamaza."

Alasiri tulifika. Zuhura alinirukia na hina mbichi mikononi, gauni langu likaharibika, tukacheka. Kabla ya magharibi kaka alinipeleka kwenye kaburi la mama. Hakunilaumu. Nilisoma Fatiha, nikakaa chini mpaka nilipotosheka.

Nikaha ilifungwa kesho yake nami nipo.

Siku ya kurudi, pale Ikwiriri, niliacha mabasi mawili yapite mpaka nikapata siti ya mbele karibu na dereva, dirisha wazi. Miaka yote nilidhani ubovu ni wa tumbo langu. Kumbe gari nalo lina lake: linalobembea na lililofungwa hunimaliza, gumu lenye hewa hunifikisha.

Mbagala jirani yangu alinipokea begi. "Pole, dada. Umetapika sana?"

"Umepika nini?" nikamuuliza. "Nina njaa."