Maneno ya Kisebuano Mfukoni mwa Sare

Kadi yenyewe ilikuwa kipande cha boksi la chai, kilichokatwa kwa mkasi wa kufungulia bandeji. Nilikaa nayo kwenye mfuko wa sare yangu ya kazi kwa miaka mitatu, na mara mbili niliifua pamoja na sare kwa uzembe wangu mwenyewe. Ilikuwa na maneno saba ya Kisebuano, yote ya kumwongoza mtu au chombo. Aliyeniandikia ni dada mmoja wa Cebu, huko Ufilipino, niliyekuwa nafanya naye zamu katika makao ya wazee upande wa Downsview, mjini Toronto.

Niliandikiwa kwa sababu nilipigwa kofi.

Mzee aliyenipiga alikuwa mtu wa Cebu pia. Kiingereza alichokuja nacho Kanada kilikuwa kimemtoka chote, amebaki na lugha ya kwao tu. Kazi yangu ilikuwa kumtoa chumbani na kumpeleka mezani mara tatu kwa siku. Mimi nimelelewa Morogoro, na nilivyofundishwa ni kwamba mzee unamshika mkono, unatangulia, unamsafishia njia. Nilidhani huo ndio upeo wa adabu. Nikamshika mkono, nikatangulia, akagoma. Nikavuta kidogo. Akanitandika kofi, kisha akakaa chini sakafuni na chakula cha mchana kikampita.

Hiyo haikuwa mara moja. Wiki nzima tulishindana hivyo, na siwezi kusema nilikuwa na subira. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nilianza kuingia chumbani kwake nimeshanuna tayari. Yule dada aliniangalia kwa siku kadhaa, halafu siku moja wakati wa mapumziko akasogeza bakuli lake la wali pembeni na kuniuliza kama najua mzee huyu alikuwa nani. Nikasema ni mzee mkorofi. Akacheka, akaniambia kwamba alishika usukani wa meli ya abiria kati ya visiwa vya kwao mpaka nywele zikawa nyeupe. Kisha akatafuta mkasi na boksi la chai.

Neno la kwanza aliloandika lilikuwa *timon*, usukani wa chombo cha majini, na mwenye kuushika anaitwa *timonel*. Chini yake akaandika *giya*, kuongoza kwa jumla, hata Mungu anaombwa kwa neno hilo. Kisha *agak*, ambalo alilieleza kwa kusimama na kunishika: unakuwa ubavuni mwa mtu, mkono wako chini ya kiwiko chake, hutangulii wala humvuti, unaenda kwa mwendo wake. Nikamwambia sisi tuna kuongoza, tuna kuelekeza, tuna kusindikiza, lakini hilo la kiwiko sikumbuki kama tunalo kwa neno moja. Akaandika *tultol*. Hili alilirudia mara mbili kwa sababu nililichukulia juujuu. Anayefanya *tultol*, kwa alivyonieleza yeye, anaijua njia mwenyewe, ameshafika huko, ndiyo maana anaweza kumfikisha mwingine. Kama hujafika, au umeshapasahau, alisema, kaa kimya usimpoteze mwenzako.

Mwisho akaandika *tuo*, kulia; *wala*, kushoto; na *diretso*, moja kwa moja. Akasema mzee huyu hata *agak* haitaki, maana hiyo ni ya mgonjwa na mtoto. Mshika usukani haburutwi. Anasimama mbele ya usukani wake, nahodha anatoa amri, na yeye kabla ya kuzungusha anaitamka ile amri kwa sauti, ili ijulikane ameisikia. Bila kuitikiwa, nahodha hasogei kwenye amri ya pili.

Jioni hiyo nilimpa mzee kigari chake cha kushikilia akitembea, nikasimama nyuma yake upande mmoja, nikasema, "Diretso." Niliona mabega yake yakinyooka. Akasema, "Diretso," akaanza kwenda. Kwenye kona nikasema, "Wala." Akajibu, "Wala," akageuza kigari taratibu, bila kugusa ukuta. Tukafika mezani na supu bado ya moto. Nilienda msalani nikalia, na sikuwa nalia kwa ajili yake.

Nilikuwa nalia kwa ajili ya baba yangu. Macho yake yalikuwa yameliwa na presha ya macho, la kulia kwanza, kisha la kushoto. Mdogo wangu, ambaye ndiye alibaki naye nyumbani, alikuwa ananiambia kwenye simu kwamba mzee hatoki chumbani. Miezi inakatika. Chakula anapelekewa kitandani, na ukimshika mkono umtoe nje kwenye jua anautoa mkono na kusema yeye si mbuzi. Mdogo wangu alilisema hilo kwa kucheka, lakini kwenye kicheko nilisikia amechoka. Daktari alikuwa amewaambia kwamba mtu akilala hivyo, miguu nayo itamwacha.

Na mimi sikuweza kwenda. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa zinashughulikiwa, na niliambiwa wazi kwamba nikitoka kabla hazijakamilika, kurudi ni bahati nasibu. Mwaka wa kwanza wa kungoja nilikuwa nasema ni mwaka mmoja tu. Mwaka wa pili niliacha kusema. Nilikuwa naishi ghorofa ya kumi na moja, Flemingdon Park, na dirisha langu lilitazama bonde la mto Don. Miti ile ikipukutika nilikuwa nahesabu kwamba baba amekaa kitandani tangu ilipokuwa na majani. Nilimkumbuka baba yangu kwa mwili wangu wote, harufu ya sabuni yake, kikohozi chake cha kujitangaza kabla ya kuingia sebuleni. Nilikuwa nashika viwiko vya wazee wa watu, na baba yangu hana wa kumshika kwa namna anayoitaka.

Jumapili moja, saa mbili asubuhi kwetu Toronto, saa kumi jioni kwao, nikanunua kadi ya simu na kumpigia mdogo wangu. Nikamwambia aweke simu sauti ya juu, aitie kwenye mfuko wa shati la baba, kisha aondoke.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Unanipigia mfukoni?"

Nikamwambia nataka kumtoa nje. Akasema watu wenye macho wameshindwa, itakuwa mimi niliye Kanada. Nikamweleza habari za yule mzee wa meli, na jinsi anavyoitikia amri. Baba alikuwa dereva wa treni, miaka na miaka kati ya Morogoro na Dodoma, na alipenda kujitania kwamba ameendesha maisha yake yote kitu kisicho na usukani. Halafu akasema hata wao, yeye na msaidizi wake, walikuwa wanaitikiana ishara za njiani hivyo hivyo. Mmoja akiiona anaitaja, mwenzake anaitaja. Nilikuwa sijui. Nimekaa na mtu huyu miaka ishirini na tano na nilikuwa sijui.

"Haya, taja," akasema.

Nikafumba macho nikaiona nyumba yetu. Nikasema simama, akasema nimesimama. Nikasema hatua nne moja kwa moja, akazihesabu kwa sauti, nikasikia ndara zake. Kulia. Kulia. Sasa uko kwenye korido, gusa ukuta kwa mkono wa kushoto. Kushoto. Tukapita sebuleni, tukaizunguka meza, na sauti yake ilikuwa inapata nguvu kila anapoitikia. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba changu, nacheka peke yangu. Nikasema hatua tano mbele, mlango wa nyuma, fungua utoke.

Hakuitikia. Nikasikia kiganja chake kikipapasa kitu.

"Hapo pana ukuta, mama," akasema.

Nikabisha. Nikamwambia hapo ndipo mlango ulipo, niliutumia kila siku kwenda shule. Baba akanieleza polepole kwamba mdogo wangu aliuziba akaongeza chumba, mwaka wa tatu sasa. Mlango wa nyuma umehamia jikoni. Waliona hakuna haja ya kunisumbua na habari za matofali.

Nikakaa chini kwenye zulia. Nyumba niliyokuwa namwongoza ndani yake haikuwepo. Nilikuwa nimeibeba miaka yote hiyo kama mali yangu, naizungukia usingizini, kumbe walikuwa wameshaivunja upande. Nikamwomba baba msamaha, nikamwambia mimi sipajui tena, amwite mdogo wangu amrudishe kitandani.

"Nirudi kitandani nifanye nini?" akasema. "Nimeshafika hapa. Sasa wewe itikia."

Akaanza kutaja yeye. Rudi nyuma hatua mbili. Nikasema, hatua mbili. Kushoto, ukiwa na meza mgongoni. Kushoto. Hapa jikoni, jiko la mkaa liko kulia, pita mbali nalo. Aligonga bega kwenye fremu ya mlango akamlaani fundi. Akaniambia kuna ngazi mbili za kushukia uani, ya pili imemeguka upande wa kulia, kwa hiyo ushuke kwa mguu wa kushoto. Alikuwa anavijua vyote kwa kugusa kabla hajajifungia chumbani, na kwa kusikia wengine wakilalamika, kutokea kitandani. Nilimsikia anashuka. Nilimsikia anatafuta kiti karibu na tangi la maji, anakaa, anapumua. Kisha akanieleza jua linampiga upande gani wa uso.

Tangu siku hiyo kila Jumapili tulitoka pamoja, yeye akitaja na mimi nikiitikia. Nilipomsimulia yule dada wa Cebu, alichukua kadi yangu akapigia mstari neno *tultol*. Yeye mwenyewe alikuwa na watoto wawili Cebu, wanalelewa na bibi yao. Mzee wa meli alifariki majira ya baridi yaliyofuata, na tuliomwosha ni sisi wawili.

Karatasi zangu zilitoka mwezi wa tano. Baba alikuwa amezikwa mwezi wa pili. Mdogo wangu aliniambia mzee hakuwahi kurudi kulala mchana kutwa, mpaka wiki yake ya mwisho alikuwa anatoka uani kwa miguu yake, anataja na kujiitikia mwenyewe siku ambazo si Jumapili.

Nilifika Morogoro mchana. Nyumba ilikuwa fupi kuliko nilivyoikumbuka na imepakwa rangi nisiyoijua. Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona, alinipokea begi akasema ngoja nikutangulie, maana humu tumebadilisha sana utapotea. Akageuka kuweka begi chini.

Aliponifuata nilikuwa nimeshaipita meza, nimeshaingia jikoni, nimelipita jiko la mkaa kwa mbali. Akaniita kwa haraka, akasema, wifi, angalia ngazi, ya pili imemeguka.

"Kushoto," nikasema, nikashuka kwa mguu wa kushoto, nikaenda kukaa kwenye kiti karibu na tangi la maji.