Udhu wa Shemegi Yangu

Marehemu baba yangu alikuwa na punda wa kuvuta gari la chokaa. Punda yule alikuwa na tabia moja: akiwa amefungwa gari, hakojoi. Atatoka tanuuni na mzigo, afike mjini, upakuliwe, arudi, na tone hatoi. Mpaka baba amfungue, amsimamishe pembeni penye mchanga, ampigie mbinja, mluzi wa taratibu kama mama anavyomkojoza mtoto mchanga, ndipo anapanua miguu. Sie watoto tukicheka mpaka tukikaa chini. Baba hakucheka. Akisema mnyama huyu ana haya, na haya zitamponza. Siku moja alipiga mbinja mpaka midomo ikamkauka, na punda kasimama tu, kapanua miguu, anatetemeka. Asubuhi yake tulimkuta kalala, keshakufa, tumbo limewambika kama ngoma. Baba akakaa juu ya gari tupu.

Najua nimeanza mbali. Skuli sikudumu, na mtu asiyesoma husimulia kwa kuzunguka. Kazi yangu maisha yote ilikuwa kukandika kuta za majumba ya Mji Mkongwe kwa chokaa. Siku hizi wenye nyumba wanataka saruji, na saruji haiuachi ukuta upumue. Nje unang'ara, ndani unaoza. Lakini sikutaka kusema habari ya saruji.

Nilitaka kusema habari ya marehemu shemegi yangu, mume wa mdogo wangu mwanamke. Tulipanda jukwaa moja la kukandikia tangu ujana. Ndiye aliyekuwa akiadhini katika msikiti mdogo wa mtaani kwetu, huku Ng'ambo, na fahari yake ilikuwa udhu. Akitia udhu wa Adhuhuri, atasali nao Alasiri, na Magharibi, na Isha. Wazee wenziwe wanakimbilia chooni baina ya sala na sala, yeye kakaa barazani kakunja miguu, anawatazama.

"Kibofu changu kimekandikwa na fundi," akisema.

"Kama fundi mwenyewe ni wewe, shemegi, kitavuja mvua ya kwanza."

"Cha kwako kishavuja. Kila saa uko chooni."

Mashemegi hutaniana, ndiyo ada. Lakini mie nilimjua. Siri ya udhu ule ilikuwa hanywi maji. Tunashinda juani, vumbi la chokaa limetujaa kooni, na yeye kutwa ni kikombe cha kahawa tu. Haja ikimjia, anaizuia. Aliona kuizuia ni ibada.

Ndipo mkojo ulipoanza kumchoma. Nilimtambua kwa namna anavyoshuka ngazi, kidato kidato, kama aliyebeba kitu kitakachomwagika. Unatoka kidogo, una ukungu, unanuka. Usiku haja inamwamsha tena na tena, na akifika chooni anasimama tu. Mara homa, na baridi ya kugonganisha meno. Barazani watu hawakosi neno. Mmoja akamwambia, "Mwanamme haumwi njia ya mkojo bure, bwana. Hebu tuambie, ulikwenda kukandika ukuta Mbweni au ulikwenda kukandika mtu?" Wakacheka, na yeye akacheka. Tangu siku ile maradhi yake akayaficha, hata kwa mkewe.

Mie nayajua kwa sababu yalinipata kabla yake. Na mie nilidhani ndiyo yale maradhi ya zinaa, nikawa najiuliza nimeyatoa wapi kwa umri huu. Daktari alipima mkojo wangu akanambia si lazima iwe hayo. Mwanamme ana tezi, imeuzunguka mrija wa mkojo, na kila akizeeka inakua inaubana. Kibofu hakimalizi. Mkojo unaobaki unatuama, na vijidudu vinafanya mji humo. Akanipa vidonge, akaniusia nivimalize vyote hata nikijiona nshapona, ninywe maji, nisizuie haja, kisha nirudi nipimwe tena. Nikafanya hivyo, nikapoa.

Nikamweleza shemegi yote. Akanisikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani. Yeye alikwenda duka la dawa, akanunua vidonge bila ya kupimwa, akavimeza mpaka uchungu ukatulia, vilivyobaki akampa jirani anayeumwa na jino. Maradhi yakarudi. Akanunua vyengine. Nikamwambia, "Shemegi, unapaka chokaa juu ya ukuta wenye maji. Itabanduka yote."

"Basi ntapaka tena," akasema.

Akaanza kuvuja. Tone, tone, kwenye kanzu. Imamu wetu akamchukua pembeni, akamwambia asiyeweza kuuzuia mkojo dini haikumtupa: atie udhu kila wakati wa sala ukiingia, asali, asiangalie tone. Akajibu kwa adabu, "Hiyo ni ruhusa ya wagonjwa." Maneno hayo siyasahau. Maana yaliyomuua nayahesabu ndiyo hayo, vijidudu vilikuja nyuma yao.

Alfajiri moja sikusikia sauti yake. Kulipokucha, mdogo wangu alisimama mlangoni kwangu.

"Kaka, mwenzangu tangu jana hatoi hata tone. Homa inamchoma, na hataki nimguse."

Nikamchukua hospitali. Tulipokaa kwenye kiti kirefu nililitazama tumbo lake chini ya kanzu, nikamkumbuka punda. Daktari alikuwa binti mdogo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu."

Alimbonyeza kidogo tu, shemegi akauma meno. "Kibofu kimejaa, babu. Tutakutia mpira sasa hivi mkojo utoke. Na hii homa ni vijidudu, vishapanda. Tutakulaza, utapigwa sindano. Hiyo tezi tutaiangalia baadaye."

"Mpira huo unakaa?"

"Unakaa kwa muda. Una mfuko wake."

"Mfuko wa mkojo. Ndani ya kanzu."

"Ndiyo, babu."

"Na msikitini?"

"Utasali, babu. Babangu mwenyewe alisali nao."

"Ahsante, mwanangu," akasema, kwa sauti nzuri ile ile ya kuadhinia. Yule binti akaenda kuleta vitu vyake.

Shemegi akavua kofia, akaiweka kitini. "Nishikie nafasi yangu. Nnakwenda chooni nijaribu mara moja."

"Nije nikupigie mbinja?"

Habari ya punda alikuwa anaijua. Alicheka kidogo, akashika ukuta, akenda. Mlango wa choo ulikuwa mkono wa kushoto. Akaupita. Nikasema labda hakuuona. Akatoka uani, akapita penye jua baina ya watu waliokuja kutazama wagonjwa wao, pole pole, miguu kaipanua, wala hakugeuka. Nikadhani anatafuta upepo. Binti akarudi na sinia lake.

"Babu yuko wapi?"

"Kaenda chooni," nikamwambia. "Anarudi."

Mtu mmoja akataka kukaa, nikaweka mkono juu ya kofia. Huko nje shemegi alikuwa keshalivuka geti.