Waliniita mchawi, sasa wanataka maji ya mdomo wangu

Habari admin na wote mnaofuata ukurasa huu. Naomba jina langu lisionekane, maana humu wamo watu wa kanisa langu na wamo ndugu za marehemu mume wangu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na minane, mjane, nakaa Hewa Bora hapa Lubumbashi, nashona nguo. Nimeokoka. Nasema mapema kwa sababu mkifika mwisho mtauliza.

Mume wangu alikufa kwa presha. Tukiwa bado kwenye matanga, mwili haujatoka mochari, dada yake akasimama katikati ya kiwanja mbele ya majirani, wanakwaya na mchungaji, akaninyooshea kidole. "Huyu mwanamuke njo alikula ndugu yangu. Mumuangalie muzuri, hata machozi haina." Nilikuwa nimelia mpaka macho yamekauka. Hakuna aliyemkataza. Baada ya maziko nikatolewa kwenye nyumba yetu, mimi pamoja na watoto wangu, na kanisani benchi langu likawa na nafasi pande zote mbili.

Kilichoniuma kupita vyote ni Naomi, binti wa wifi huyo (jina nimebadilisha). Mama yake alipokuwa akizunguka na biashara zake Sakania, mimi ndiye niliyemlea tangu hajang'oka meno ya utoto. Nilimsuka, nilimfundisha cherehani, aliniita mama. Siku ile ya matanga alikuwa msichana mkubwa, amekaa nami kwenye mkeka. Mama yake alipomaliza kusema, Naomi aliinuka akaenda kukaa upande wa pili. Baadaye akaolewa, yuko Bel-Air na mume wake. Sikualikwa. Picha za harusi niliziona kwenye simu ya mteja nikiwa nampima kiuno.

Sasa sikilizeni. Mimba za Naomi zinaharibika, moja baada ya nyingine, na madaktari hawaoni kitu. Kwao mume wangu, mjomba ndiye mwenye mtoto. Binti akiolewa, mjomba anatia maji mdomoni, anamtemea kidogo kifuani na kumtamkia neno jema. Mjomba akiwa amekufa, mdomo wake unabaki kwa mjane wake. Na mwenye mdomo akiwa na kinyongo, wanaamini tumbo la binti linafungwa mpaka akitoe kwa maneno na kutema maji. Familia ilipokaa kutafuta nani ana kinyongo, haikutafuta mbali.

Wakaja Jumapili baada ya ibada, wifi yangu na mchungaji wetu, na kikombe cha maji kimefunikwa kitambaa. Wifi akapiga magoti kwangu, katikati ya vipande vya nguo. "Belle-sœur, nimekuya kuomba pardon. Ile maneno ilipita. Uhurumie mutoto, umufungule."

Mmesikia? Mtu anakuja kuniomba msamaha kwa kuniita mchawi, na humo humo kwenye msamaha ananiita mchawi tena. Nikitema yale maji, nimekiri kwamba nilimfunga.

Nikamwambia: "Mimi sikumufunga muntu. Unataka pardon? Turudie kwenye ile parcelle, kwenye kiwanja ya matanga, uite bantu bote balikuwa pale, useme ulibongopa. Kiisha nitatema maji."

"Apana," akasema. "Ile itaniletea haya mingi. Tuimalize hapa, mbele ya Mungu."

"Hata siku ya matanga Mungu alikuwa pale," nikajibu.

Mchungaji akaingilia. "Mama, musamaha haina masharti. Weke roho chini." Huyu naye alikuwa pale siku ile, na hakufungua mdomo.

Basi nikachukua kikombe. Wakainamisha vichwa wakidhani nimelainika. Nikayanywa maji yote, polepole, nikamrudishia wifi kikombe chake kitupu. Nikasema, "Aksanti, nilikuwa na kiu." Ndugu zangu, sitawadanganya, sijawahi kunywa maji matamu kama yale. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na mimi nilitaka auonje. Alitoka kwangu bila kuaga, na nilifurahi wiki nzima.

Sasa Naomi ana mimba tena. Yuko kitandani, daktari amemkataza kuinuka. Alinipigia simu mwenyewe, mama yake hajui. "Mama, siku ile niliogopa. Pardon. Ukuye unitemee maji. Mimi siamini ile maneno yabo, lakini nachoka kuogopa." Nilimwambia nitaona, nikakata simu.

Nikienda na mtoto akaishi, watasema nilifunga na sasa nimefungua. Mtoto akifa, wamepata ushahidi. Mtenda husahau, mtendwa hasahau, na mimi sijasahau hata sura moja ya waliokuwa kwenye kiwanja kile. Kanisani tukisali Baba Yetu, tukifika mahali pa kusamehe, nanyamaza mpaka wenzangu wapite.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu. Tangu Naomi anipigie, simu ikilia naikimbilia. Juzi ikawa ni mteja tu, anaulizia gauni lake, na nikajikuta nimevunjika moyo. Nikakaa kwenye kiti cha cherehani nikajiuliza nilikuwa nasubiri habari gani. Nilikuwa nasubiri kusikia kwamba wifi yangu analia.

Kwa hiyo nishaurini, ninyi mnaomjua Mungu na mnaojua kuumizwa. Niende kwa mwanangu nikateme maji, niwe mchawi mbele ya watu? Au nikae nyumbani kwangu niendelee kusubiri ile simu, niwe mchawi kweli?