Fundi Mwantum na Visanduku vya Kesho

Mwantum Abdulkarimu anatengeneza simu na redio mjini Tukuyu, kwenye kibanda cha mbao alichoachiwa na baba yake. Ana miaka arobaini na sita, na vitu vingi vilivyoitwa vya kisasa ameletewa vikiwa vimeshakufa. Hana ugomvi na mashine. Asiyemvumilia ni mtu anayeisifia mashine ambayo hajawahi kuifungua.

Watu wa namna hiyo walitufikia mwaka juzi, wamevaa fulana zilizoandikwa KESHO IMEFIKA. Walitoka Dar es Salaam na magari mawili, wakakodi ukumbi wa kanisa kijijini kwetu Kinyala, wakatugawia soda. Mkuu wao, kijana aitwaye Ezron, alizunguka jukwaani kama mhubiri wa mkutano wa injili.

"Ardhi yenu ilikuwa bubu!" alisema. "Leo tunaipa sauti! Mkulima asiye na data ni kipofu!"

Bibi Esnath, aliyelima migomba na viazi miaka hamsini bila kujua kwamba ni kipofu, alipiga makofi pamoja na wengine. Hata mimi nilipiga. Soda ilikuwa ya bure.

Kila mkulima wa kikundi chetu akapewa kisanduku cheupe chenye kijiti cha chuma cha kuchomeka udongoni. Kisanduku kingepima unyevu, akili mnemba huko Dar ingefikiri kwa niaba yetu, kisha ushauri ungeingia kwenye simu. Mzee Amoni, katibu wetu, akateuliwa kuwa Balozi wa Kilimo cha Kesho. Yeye alipewa fulana mbili.

Mwezi wa tano mvua ilikatika siku tatu. Siku ya nne simu zikalia: "Udongo wako umekauka. Mwagilia mara moja." Esnath alisomewa ujumbe huo na mjukuu wake, akazamisha mkono kwenye tuta, ukatoka na tope hadi kwenye kiwiko. Akanawa, akaendelea na shughuli zake. Lakini Mzee Amoni alikuwa balozi. Alichimba mfereji kutoka kijitoni mpaka kwenye viazi vyake, akafungulia maji. Kesho yake mvua ikarudi, ikanyesha wiki mbili bila kupumzika. Viazi vikaozea ardhini, ukipita pale unaziba pua. Na ujumbe haukukoma: umekauka, mwagilia.

Esnath aling'oa kisanduku chake, akakifunga kwenye khanga, akapanda gari mpaka mjini.

"Ugonile, mwanangu," alimsalimia Mwantum. "Nitazamie hiki. Kinadanganya, au mimi ndiye nimezeeka?"

Mwantum alifungua skrubu nne. Maji yakamwagika mezani. Ndani waya wa kijiti ulikuwa umeliwa na kutu mpaka ukakatika.

"Hujazeeka, bibi. Waya ukikatika, hiki kinahesabu kwamba hakuna unyevu kabisa. Walikitengeneza kwa nchi isiyo na mvua, wakakileta Rungwe."

Alimpigia Ezron. Alidhani kijana atashtuka, labda hata aombe radhi.

"Dada, wewe unaangalia kifaa," Ezron alimjibu kwa upole wa mtu anayefundisha watoto. "Sisi tunaangalia mfumo. Mfumo unajifunza."

"Unajifunza kwa viazi vya Mzee Amoni?"

"Mabadiliko yoyote yana maumivu yake."

Mwantum alikata simu. Haya aliniambia baadaye.

Mwezi uliofuata wakaja tena ukumbini, safari hii na wageni waliofadhili mradi. Mwantum alifunga kibanda akapanda hadi Kinyala na ndoo. Alimwomba Mzee Amoni aende shambani akang'oe kisanduku chake, ambacho hakuna fundi aliyekigusa. Ezron alipofika kwenye maneno yake ya ardhi kupewa sauti, Mwantum akasimama, akaweka ndoo iliyojaa maji mbele ya meza kuu, akatumbukiza kijiti, akabonyeza kitufe cha kupima.

Simu ya Mzee Amoni ikalia. Akausoma ujumbe kwa sauti, neno moja moja, kama anayesoma barua ya msiba: "Udongo wako umekauka. Mwagilia mara moja."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Esnath alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Mzee Amoni peke yake hakucheka. Alivua fulana, akaikunja vizuri, akaiweka mezani, akabaki na shati lake.

Unadhani Ezron aliona haya? Alipiga makofi! "Mnaona?" aliwaambia wageni. "Jamii tayari inashirikiana na teknolojia!" Wageni wakaitikia kwa vichwa, wamefurahi, na mpiga picha akamwinamia Mwantum na ndoo yake.

Picha hiyo imo kwenye ripoti yao, ukurasa mzima, karatasi inayong'aa. Chini yake imeandikwa: "Mwanamke wa kijijini akijifunza kupima udongo." Mwantum alionyeshwa nakala.

"Hata ndoo hawakuiona," alisema.

Mradi umehamia wilaya nyingine, nasikia sasa wanazungumzia ndege zisizo na rubani. Mzee Amoni alipanda upya kwa mbegu aliyopewa na Esnath. Siku hizi, kabla ya kupalilia, anazamisha mkono kwenye tuta, na akiona mtu anamtazama anauondoa haraka, kwa aibu. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko vyote: kwamba aibu ilimbakia yeye.