Winchi ya Somo Yangu

Mimi majina hayanipotei. Mtu akinitajia jina lake mara moja pale sokoni Mlandege, hata arudi ameota mvi, nitamwita. Shule niliishia darasa la nne, nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu, lakini wale niliokaa nao darasani naweza kuwataja mstari kwa mstari, na baba zao, na aliyekuwa analia akichapwa. Basi atakayesoma haya akashangaa mbona hakuna jina la mtu, asiseme ni uzee. Nimekataa kuwataja. Lipo jina moja ambalo halikutajwa pale lilipotakiwa, na hasira yake sijaimaliza. Hao wengine nao wakae hivyo hivyo, waonje.

Jina lenyewe ni langu. Binti yangu wa mwisho alipojifungua mtoto wa kike, ukoo ulikaa ukampa jina langu, na tangu siku hiyo yeye ananiita somo na mimi namwita somo. Kwetu aliyebeba jina lako si mjukuu wa kumbeba mgongoni tu. Akipewa maji, umepewa wewe. Akitukanwa, wewe ndiye umetukanwa. Mama yake yuko Mbeya, pale Uyole, analima viazi. Mtoto amekulia kwangu Iringa tangu alipoachishwa ziwa mpaka akaingia sekondari.

Ana kigugumizi. Si kwa kila neno, ila kuna herufi zinamkamata, na jina letu linaanza na mojawapo. Mikono yake ikiwa na kazi anaongea vizuri kabisa. Akisimama mbele za watu mikono mitupu, ndipo anakwama. Nyumbani hatukuwahi kuliona ni jambo. Tunasubiri, anamaliza, tunaendelea.

Siku moja napepeta mchele wa Madibira, yeye anakata mboga, akaniambia huku anacheka, "Somo, mwalimu wa fizikia ananirukaga."

"Anakurukaje?"

"Akiita majina asubuhi. Akifika kwangu ananitupia jicho, anaweka tiki, anaenda kwa mwingine. Anasema namchelewesha."

"Na wewe unacheka?"

"Afadhali, somo. Napumzika."

Ungo ulinisimama mkononi. Mtoto anaona raha kurukwa! Nilimwambia, "Hapo hujarukwa wewe peke yako." Akaniangalia kama nimesema kitu cha wazee, akarudi kwenye mboga zake.

Winchi ilianza na lori lililopinduka njia ya Ipogolo. Alikuwa anatoka shule, akasimama na watu kutazama winchi ikilinyanyua, akarudi nyumbani jua limeshalala kwenye bati. Nikamgombeza. Hakusikia hata neno. "Somo, ile inabeba kwa kulabu," akasema. "Lakini zipo za vyuma chakavu zinabeba bila kulabu. Zinawashiwa umeme, chuma kinaruka chenyewe kinaganda. Ukizima, kinaanguka. Naitaka hiyo, ndogo, ya kuchezea. Mwalimu amesema kila kundi lilete kitu cha maonyesho."

"Kundi lako ni nani?"

"Mimi."

Hakuna aliyemchagua. Nikaweka na hilo moyoni.

Akaanza kuchora uani kwa kijiti, anafuta kwa mguu, anachora tena. Mlingoti ukawa wa mwanzi, kwa sababu mwanzi kwetu si wa kutafuta. Mkono wa winchi ukawa mwanzi mwembamba zaidi. Kapi la kupitishia uzi alilitengeneza kwa kibiringo cha uzi wa cherehani. Mpini wa kuzungushia ulikuwa spoki ya baiskeli iliyokunjwa. Alipoisimamisha mara ya kwanza na kitu cha kubeba, ikainama mbele ikalala kifudifudi kama mlevi wa ulanzi. Tukacheka mpaka jirani akachungulia ukutani. Ningekuwa mimi, ningetafuta jiwe nilibandike nyuma. Yeye alikaa na lile jambo kutwa, halafu akatwaa mawe ya tochi, haya ya umeme, akayafunga nyuma ya mkono. "Lazima niyaweke mahali fulani," akasema, "basi yafanye na kazi ya uzito." Kizito cha nyuma ndicho hicho hicho chenye kuleta moto mbele. Niliipenda akili hiyo, ingawa nilijikaza nisimsifu mno.

Kilichotutesa ni sumaku. Waya aliutoa kwenye feni iliyoungua ya fundi wa gereji, mwembamba, mwekundu, umepakwa kama varnishi. Unauzungusha kwenye bolti, mizunguko mingi, umelala karibu karibu, na ncha mbili unazikwangua kwa wembe ili umeme upite. Vidole vyake vilichoka, nikamwambia lete. Mimi nimesuka vikapu vya nyasi za milulu maisha yangu yote, kuzungusha kitu kidogo namna hiyo kunanishinda nini?

Nikauzungusha vizuri, umelala kama nywele za bibi harusi. Akawasha. Haikunyanyua hata pini.

Akaukagua, akakagua ncha, akakagua mawe. Mwisho akaniuliza, "Somo, hapa katikati umefanyaje?"

"Nimegeuza nikarudi."

"Kwa nini?"

"Kikapu kikianza kuvuta upande mmoja unageuza, unakwenda nao upande wa pili. La sivyo kinapinda."

Akaweka kichwa magotini akacheka. Kumbe kwenye sumaku inatakiwa yote ivute upande mmoja. Nusu yangu ya kwanza ilikuwa inaita, nusu ya pili inafukuza. Nikakasirika, nikasema waya gani huo usiotaka kukaa sawa. Akaufumua wote, tukaanza upya, safari hii ananiangalia mikono kama askari.

Ikanyanyua. Misumari mitatu, minne, imening'inia kama popo. Akazima swichi, misumari ikabaki palepale. Bolti ilikuwa ya chuma kigumu, imeshajifunza kushika, haitaki kuachia. "Sumaku isiyojua kuachia ni gundi tu," akasema. Kisha akanitazama kwa jicho la uchokozi. "Kama wewe na watu waliokuudhi, mke mwenzangu."

"Wewe! Nitakuchapa."

Akatafuta msumari mkubwa wa kawaida, akauchomeka kwenye jiko langu la mkaa mpaka ukawa mwekundu, akauacha ulale kwenye majivu upoe wenyewe taratibu. Maharage yangu yakachelewa. Lakini msumari ule ulipofungwa waya, ulikamata na kuachia kama mkono wa mtu. Washa, chukua. Zungusha. Zima, dondosha. Nilikaa kwenye kigoda nikaichezea mimi, bibi mzima, mpaka akaninyang'anya akisema ukishikilia sana waya unapata moto na mawe yanakufa.

Mwalimu akaiona, akaisifu mbele ya darasa. Akasema itapelekwa Mbeya kwenye maonyesho ya shule. Mtoto alirudi nyumbani anaruka. Wiki ileile akarudi hataki kula. "Amesema kaka mkuu ndiye ataieleza kwa majaji. Kiingereza chake kizuri. Mimi nitakaa nyuma nishike nyaya."

"Nyaya zinahitaji kushikwa?"

"Hapana."

Asubuhi nikavaa kitenge cha kanisani nikapanda shule. Nikamkuta mwalimu ofisini, kijana mchangamfu, mrefu, kanipa kiti. Nikajitambulisha kwa jina langu lote, nikasema mimi ni bibi wa mtoto wa winchi, tena jina letu ni moja. Nikaanza, "Mwalimu, nimekuja na jambo." Akaniuliza, "Mama, lafudhi hiyo, wewe Mhehe?" Nikasema ndiyo. Akaruka kutoka kwenye kiti. "Lo! Mtani wangu! Mimi Mngoni wa Songea! Jamani walimu, fungieni mbwa wenu, Mhehe kaingia!"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Wao hutuita wala mbwa, sisi tunawaita wala panya; nami nikamjibu inavyopasa, kwamba aangalie mifuko yake isije ikatokeza mikia ya panya. Wakacheka zaidi. Ndipo nikagundua nimefungwa. Utani ukishafunguliwa huwezi kukasirika. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Kila nilipotaka kurudi kwenye jambo langu alinipiga na jingine, "Mtani, babu zetu waliwakimbiza, bado mna kinyongo?" Akanisindikiza mpaka getini, ananishika bega. Nikajikuta barabarani sijasema lililonipeleka. Nilitembea naongea peke yangu. Wauza nyanya wakanisalimia, "Kamwene, bibi," sikuwaitikia, na mimi si mtu wa kutoitikia salamu.

Kwa siku zilizobaki nilisuka kikapu kirefu cha milulu cha kubebea winchi, kwa sababu mlingoti usingepona kwenye mabegi ya wanafunzi. Nikasema kikapu changu hakitembei bila mimi. Wakakubali. Tukalala Uyole kwa mama yake, ambaye alinionya, "Mama, kesho usituletee maneno." Sikumwahidi.

Ukumbi ulikuwa wa baridi, baridi ile ya Mbeya inayopita kwenye mfupa. Juu ya meza yetu waliweka kadi yenye jina la shule, na chini yake jina la kaka mkuu. Nikaisoma taratibu mara mbili, maana kusoma kwangu ni kwa kutambaa. Kaka mkuu mwenyewe sina ugomvi naye. Ni mtoto mwenye adabu, alinipa shikamoo kwa mikono miwili, na hata mtu asiyejua Kiingereza angesikia kwamba anakiongea vizuri. Somo yangu alikuwa nyuma ya meza, amechuchumaa, ameshika nyaya zisizohitaji kushikwa.

Majaji wakafika. Mama mmoja mwenye miwani ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Kijana akaeleza, winchi ikanyanyua misumari, watu wakapiga makofi. Yule mama akauliza kwa Kiswahili, "Nani ameibuni?"

Kijana akamwangalia mwalimu. Mwalimu akasema, "Ni kazi ya shule, mama. Tumefanya kwa pamoja."

Kwa pamoja! Feni ya pamoja. Jiko la pamoja. Jaji akaandika kitu, akaanza kugeukia meza ya jirani.

Nikainuka. Nikapita katikati ya watu na kikapu changu, nikaishika winchi kwa mlingoti wake, misumari bado inaning'inia. Somo yangu akazima swichi haraka, misumari ikamwagika mezani. Nikaitia winchi kikapuni.

"Bibi! Unafanya nini?" mwalimu akasema.

"Mtani, nimechukua."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Kila mtu kule anajua: mtani akichukua kitu chako hununi, unakikomboa. Mwalimu naye akainua mikono juu, anacheka na watu wake. "Jamani, nimevamiwa! Haya, mtani, nikomboe kwa kitu gani? Kuku? Ulanzi? Au nikutafutie kambwa kanono?"

"Sitaki kuku, mla panya wewe. Taja jina la aliyeitengeneza, uichukue."

Watu wakacheka tena. Akafungua mdomo. "Si huyu binti yetu hapa."

"Binti ana jina."

"Huyu wa... huyu wetu wa waya." Akacheka peke yake kidogo. Macho yakamwenda kwa kaka mkuu. Kijana akataka kumnong'oneza. Nikamwambia, "Wewe mwanangu nyamaza, sijatania na wewe."

Kicheko kikaanza kukatika, huku na huku, kama mvua inayoisha. Mwalimu aliyemfundisha miaka miwili. Aliyekuwa na jina hilo kwenye daftari lake kila asubuhi, akiliruka. Niliyemtajia jina hilo hilo mimi mwenyewe, nimekaa kwenye kiti chake. Hakuwa nalo. Ningeweza kumwokoa kwa neno moja, maana lilikuwa mdomoni mwangu tangu nizaliwe. Sikumwokoa. Jaji alikuwa ametugeukia tena, ameweka kalamu chini.

Ndipo somo yangu akasimama. Aliweka nyaya chini, mikono ikawa mitupu, nikajua itakuwaje. Herufi ya kwanza ikamkamata. Akaifukuza, ikarudi. Mwalimu mmoja wa shule nyingine, kwa huruma zake, akaanza kumsaidia kukisia. Nikamgeukia, nikasema, "Mwacheni. Analo mwenyewe."

Ukumbi mzima ukasubiri. Akalitoa. Akatoa na la baba yake, na la ukoo. Kisha akasema, "Nimeitengeneza mimi, na bibi yangu alifunga waya."

Nikaitoa winchi kikapuni nikaisimamisha mezani, mbele yake, si mbele ya kijana. Jaji akasogea, akainama. "Kwa nini betri umeziweka huku nyuma?" Mikono ya mtoto ikaenda kwenye winchi, ikaanza kugusa hiki na kile, na maneno yakaja nayo. Sikusubiri kusikia kama tumeshinda. Baadaye walipewa cheti, kimetundikwa shuleni, sijui kimeandikwa nini.

Mlangoni mwalimu alinifuata amenyoosha mkono. "Mtani, leo umenimaliza kabisa!" Anacheka bado. Nikampa mkono, maana utani ni utani na mimi si wa kuuvunja. Lakini yeye na wote waliocheka walidhani nilikuwa natania. Sikuwa natania. Mpaka leo akikutana nami njiani anaita, "Mla mbwa!" na mimi namjibu panya zake, na moyoni nipo palepale ofisini, napelekwa getini kwa bega.

Jumatatu tuliyorudi Iringa, mtoto alipotoka shule nilimwuliza kabla hajavua viatu.

"Amekuita?"

"Ameniita."

"Ukajibu?"

"Nikajibu."

"Ilichukua muda?"

"Ilichukua, somo. Darasa zima walisubiri."

"Vizuri," nikasema. "Wasubiri." Nikaendelea kupepeta.