Ng'ombe Mwekundu wa Kampuni

Niliporudi Sumbawanga kutoka Dar es Salaam, nilirudi na stashahada ya usimamizi wa biashara niliyojisomesha mwenyewe kwa kuuza mitumba, na mtaji ambao hakuna aliyenichangia. Nasema hivi kwa sababu ni kweli. Haukupita muda nikafungua kampuni ya kusaga na kufungasha unga, yenye wanahisa wawili: mimi, na baba mdogo, mkulima wa Kaengesa.

Hisa zangu nilizilipia zote taslimu. Baba mdogo aliahidi kulipia zake kwa ng'ombe mmoja wa kulimia, dume jekundu. Kwetu ng'ombe wa kulimia hatolewi zizini mvua zikikaribia, maana hufungwa nira wawili, na mmoja peke yake hafai kitu. Tukakubaliana ahame baada ya kulima. Msimu ukapita, mwingine ukaja, mwekundu bado yuko kwa mzee. Kila Jumapili baada ya misa aliwaambia watu, "Yule si wangu tena, ni wa kampuni," na wenzake wakawa wanamwita mkurugenzi.

Kisha paa la ghala liling'olewa na upepo, mvua ikaingia. Mahindi tuliyokuwa tumekopeshwa na mama mmoja, mfanyabiashara wa Chala, yakaota ukungu. Kampuni ikafa. Tuliuza mashine, pesa hazikutosha kumlipa, na hatukuwa na mdai mwingine. Asubuhi moja baba mdogo akanipigia simu: mama yule yuko kwake, na amekuja na lori.

Niliwakuta barazani wanakunywa togwa kama wakwe.

"Siku ya kukopa uliniambia kampuni ni mtu mbele ya sheria," mama akaanza, hata sijakaa. "Sawa. Mtu huyo amekufa. Makaburini tunatangaza kwamba anayemdai marehemu awaone ndugu zake. Nimewaona. Nachukua ng'ombe wote wawili, plau, na mahindi ya kwenye kihenge."

"Marehemu huyo hajawahi kula ugali hapa," baba mdogo akasema. "Undugu umetoka wapi?"

"Mama, mwanahisa si ndugu wa marehemu," nikamwambia. "Kampuni kama yetu ikishindwa kulipa, huwezi kuingia kwa mwanahisa ukabeba mali yake. Labda awe aliweka sahihi kuidhamini kampuni, au aliitumia kampuni kukutapeli. Mzee hakufanya hata moja."

"Na mimi nilishatoa changu," baba mdogo akadakia kwa fahari ileile ya Jumapili. "Nilitoa yule mwekundu."

Sote tukageukia zizini. Mwekundu alikuwa anacheua.

"Mkurugenzi," mama akasema taratibu, "hivi ndivyo mnavyotoa huku?"

Sheria naijua, na siigeuzi kwa sababu imemfikia mtu wa kwetu. Nikawaeleza wote wawili: asiyelipia hisa zake bado anadaiwa na kampuni kile alichoahidi, na kampuni ikifilisika, wadai wana haki nacho. Lakini ni hicho tu. Ng'ombe wa pili, plau na kihenge havigusiki. Mama alibishana kidogo, kisha akakubali. Kama sisi, naye hakutaka kwenda mahakamani.

"Umeniokolea mmoja," baba mdogo akaniambia. "Nitalima naye vipi?" Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa ziwa.

Mimi sikudaiwa hata shilingi. Lakini nilimwomba mama ataje bei ya mwekundu, akataja, nikailipa bila kupunguziwa. Fedha zikapita kwenye akaunti ya kampuni, kisha zikaenda kwake. Sijui wangapi katika ukoo wetu wangeweza kufanya hivyo. Lori likarudi Chala tupu.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nje ya kanisa pamoja na baba mdogo.

"Mkurugenzi," mmoja wa wenzake akamtania, "naona mwekundu bado yuko kwako."

"Ni wa mwanangu sasa," akajibu. "Atamchukua baada ya kulima."

"Abaki tu, baba," nikasema. "Huyu ameshalipiwa."