Nafasi Kando ya Limi

Baba yangu, Mageni, alikuwa mtu wa kuchoka. Sisemi mvivu, maana sijaona mwanaume aliyefanya kazi kama yeye. Alichoka tangu alfajiri na bado akalima mpaka jua linazama. Ukimwamkia "Mwangaluka, baba," aliitikia, kisha akashusha pumzi kama aliyetua gunia. Usemi wake ulikuwa mmoja: "Nimechoka, lakini twende."

Kijiji chetu ni mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Mhunze, kwenye nchi ya pamba na vumbi. Mwaka 1967 Wakristo wa pale walichoka kusali kwenye kibanda cha nyasi kilichovuja kila masika, wakaamua kujenga kanisa la matofali ya kuchoma. Baba ndiye aliyejua kufyatua matofali. Mama yangu, Limi, aliwaongoza wanawake kubeba maji kutoka lambo, ndoo kichwani, kiangazi kizima. Jilala, mzee wa kanisa na rafiki wa Baba tangu wakiwa wachungaji wa ndama, alibeba matofali begani mpaka ngozi ikachubuka. Mabati yalitoka dukani kwa Mzee Mohamedali kule Mhunze, na kila nyumba ilitoa pamba yake.

Kanisa lilipokwisha, ililetwa fomu ya kiwanja. Iliandikwa kwamba kiwanja na vyote vilivyo juu yake ni mali ya Bodi ya Wadhamini wa dhehebu letu, ambao ofisi yao ilikuwa mbali na hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Baba alikuwa amesoma madarasa manne, kwa hiyo wazee walimpa asome, kisha wakamuuliza, "Ni vizuri?" Akasema ni vizuri, akatia sahihi.

Msimcheke. Kwetu Usukumani mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizi moja. Wengine anawawekesha kwa rafiki, kijiji cha mbali, ili ugonjwa au wezi wakija wasimalize wote. Rafiki anakunywa maziwa, na samadi anaitia shambani kwake, lakini ng'ombe ni wako na ndama ni wako, na hata mtoto anayechunga anajua. Siku ukiwahitaji unakwenda na fimbo yako, unakula ugali wa mwenyeji, unawaswaga kurudi nyumbani. Baba aliisoma ile fomu kwa macho hayo. Aliona tumewawekesha wakubwa kanisa letu, wao wakae na jina, sisi tukae na kanisa.

Mwaka 1974 tulihamishiwa kijiji kipya, na mji wetu wa zamani ukavunjwa, likabaki kanisa tu. Mama alifariki wiki ileile. Baba alikataa kumzika mahali ambapo kesho pangelimwa na mtu asiyemjua, akaomba azikwe nyuma ya kanisa, upande wa mawio. Kando ya kaburi alipima nafasi nyingine kwa hatua zake, akaweka tofali moja kila pembe. "Hapa ni pangu," alituambia. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi alikwenda kufagia. Nadhani ndiyo siku pekee katika juma ambayo hakusema amechoka.

Kisha mwaka 1982 ikaja barua kutoka makao makuu. Ilisema kwamba mtu aliyeokoka akiwa tayari na wake wawili asilazimishwe tena kumwacha mmoja, na kwamba yeye na wake zake wote wakaribishwe kwenye Meza ya Bwana. Mchungaji wetu, Lushinge, Msukuma mwenzetu na mtu mpole, aliisoma kanisani polepole. Kabla hajamaliza, Jilala alikuwa amesimama.

Jilala alibatizwa mwaka 1961. Ili abatizwe, alimrudisha mke wake mdogo kwao Kagongwa pamoja na watoto wawili. Yule mama hakuolewa tena, na watoto hawakuwahi kumwita Jilala baba.

"Mchungaji," alisema, "nilipomfukuza yule mwanamke mliniambia ni Neno la Mungu. Leo Neno limebadilika?"

"Halijabadilika, mzee. Sisi ndio tuliolisoma vibaya."

"Basi nirudishieni miaka yangu."

Watu walibishana juu ya mafundisho potofu kwa miezi minne, wakarushiana mistari kama mawe. Lakini ukinichokoza nitasema kwamba lililowauma si mafundisho. Lilikuwa ni uchungu wa watu walioambiwa kwamba walivunja nyumba zao bure. Mwishoni karibu usharika wote uliamua kujitoa katika dhehebu, na kanisa wabaki nalo, kwa kuwa walilijenga wenyewe.

Ndipo fomu ilipoletwa. Afisa ardhi alikuja kutoka Shinyanga, akaifungua mbele ya watu wote, akauliza, "Mageni ni nani?"

Baba akasimama. Akaeleza habari ya ng'ombe wa kuwekesha, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, nimekuelewa," alisema. "Lakini hapa hapajaandikwa kuwekesha. Umetoa."

Watu hawakumtukana. Walimtazama tu, na ningependa wangemtukana. Jilala alitoka wa kwanza, wengine wakamfuata mmoja mmoja. Mzee Mohamedali, Mwislamu, aliwaazima godauni la zamani la pamba alilokuwa nalo kijijini, wasali humo. Yeye peke yake hakumuuliza mtu anaamini nini.

Baba alibaki kwenye benchi. Mchungaji Lushinge akaja kuketi karibu naye, nami nikiwa nyuma yao.

"Shikamoo, mzee. Wewe ile barua waionaje?"

"Marahaba. Naona ni kweli. Wangeiandika zamani."

"Basi baki nasi. Lakini nikuambie mapema, makaburi ni ya walio kwenye daftari la usharika. Wakubwa wameagiza hivyo."

Baba aligeuza macho kwenye ukuta wa upande wa mawio. Nilijua anapima nini, nami nikaomba moyoni abaki. Alikubaliana na barua, na mke wake alikuwa pale nyuma ya ukuta, na nafasi yake ilikuwa tayari. Lakini alishika goti akainuka.

"Waliobeba matofali wametolewa nje kwa kalamu yangu," alisema. "Siwezi kukaa ndani. Nimechoka, lakini twende."

Miaka minne alisali kwenye godauni, akisikiliza mahubiri ambayo hakuyaamini, kati ya watu waliomsalimia kwa ufupi. Lango la kanisa lilifungwa kwa kufuli. Jumamosi alikwenda hivyo hivyo, akasimama nje ya uzio na ufagio wake, kisha akarudi. Nilimkasirikia. Nilimwambia anajitesa kwa ajili ya watu wasiomshukuru. Alinijibu kwamba shukrani haikuwa sehemu ya deni.

Mwaka 1986 maji yakamjaa kifuani. Mchungaji Lushinge alipopata habari alikuja kwa baiskeli, amebeba karatasi. Baba akitia sahihi, atarudi daftarini na atalala kando ya Limi. Nilimshikisha kalamu mwenyewe. Lakini safari hii Baba alitaka asomewe neno kwa neno. Iliandikwa kwamba anatubu kujitenga, na kwamba waliotoka walitoka kwa uasi.

"Hilo la mwisho lifute."

"Siwezi, mzee. Nimeletewa hivyo."

"Jilala si mwasi," alisema. "Jilala anaumwa."

Akanirudishia kalamu. Pumzi ilikuwa haba, lakini alimgeukia Mchungaji. "Basi Limi nakuwekesha wewe. Si Bodi. Wewe. Nitunzie."

Tulimzika kwenye kijiji kipya, kando ya zizi. Jilala alichimba kaburi mwenyewe, mzee yule, akakataa kupokewa jembe.

Mwezi uliofuata nilikwenda kanisani nimejaa maneno ya kumwambia Lushinge, mengine hayafai kuandikwa. Nilikuta lango wazi. Nyuma ya kanisa kaburi la Mama lilikuwa limefagiwa, na kando yake ile nafasi nayo imefagiwa, matofali manne yako palepale. Mchungaji alikuwa ameinama, ufagio mkononi, jasho likimtoka.

"Nani amekutuma?" nilimuuliza.

"Si niliwekeshewa?"

Nikamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja," nikapokea ufagio, nikamalizia upande uliobaki.